Matege Yangu na Maziwa ya Skuli

Nilipoanza skuli, miaka ya hamsini, nilikuwa msichana wa miaka minane mwenye miguu ya matege. Nikisimama visigino pamoja, chungwa zima lilipita katikati ya magoti yangu bila kugusa huku wala huku. Najua kwa sababu wenzangu walilijaribu siku ya kwanza. Kisha tulilimenya tukalila pamoja, kwa hivyo sikuweza kukasirika sana.

Nilikuwa nikiishi Munje, kijiji cha pwani, na bibi yangu, mama yake mama. Wazazi wangu walikuwa Mombasa, baba akifanya kazi bandarini. Nilipokuwa mdogo nilishikwa na surua, ikafuatwa na kifaduro, na bibi, ambaye alikuwa amekwisha kuzika watoto wawili, aliapa kwamba mimi sitamponyoka. Akaniweka ndani. Jua lisinipige, upepo usinipate, watu wasinitie jicho. Samaki akaninyima, akisema ni mzito kwa mgonjwa, na hata nilipopona mwiko ule haukuondolewa. Nililelewa kwa uji wa muhogo na mapenzi mengi. Hata skuli nilikwenda nimefunikwa leso kutoka utosini hadi vifundoni.

Muhula wa pili alikuja dresa, msaidizi wa daktari, kwa baiskeli. Nyuma alikuwa amefunga debe la maziwa ya unga, na kwenye kikapu mlikuwa na chupa kubwa ya mafuta. Alitupanga mstari akatutazama macho, meno na miguu. Aliponifikia mimi alichutama.

"Mwanangu, jua likiwaka wewe huwa wapi?"

"Ndani. Bibi hataki niungue."

"Mifupa yako ni laini kama kijiti kibichi," alisema. "Jua likigusa ngozi, mwili hutengeneza kitu cha kuukaza mfupa. Wewe hukukipata cha kutosha. Mafuta haya yanacho, na maziwa haya yametiwa kitu hicho."

Kisha akanitilia kijiko kinywani. Harufu ile niliijua, na kila mtoto wa Munje aliijua. Ilikuwa harufu ya sifa, mafuta ya ini la papa ambayo mafundi huzipaka mbao za vyombo vya baharini ili maji yasipenye. Maziwa nayo yalikuwa yamekorogwa na wanafunzi wakubwa kwa maji baridi. Yalijaa madonge, na ukilipasua donge kwa ulimi, unga mkavu ulikutoka puani. Wengi waliyamwaga mchangani nyuma ya choo. Waliokunywa walikwenda hukohuko nyuma ya choo baada ya saa moja, kwa haja nyingine, maana matumbo yetu hayakuwa yameyazoea.

Niliporudi nyumbani bibi alininusa kabla sijamwamkia.

"Nani amekupaka sifa?"

"Sikupakwa, bibi. Nimenyweshwa."

"Kwani wewe ni ngalawa?"

Kulipokucha alivaa buibui, akanishika mkono, tukafuatana hadi skuli. Mwalimu alitoka kutulaki.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nimekuja kumtazama huyo anayenywesha watoto mafuta ya mashua."

Dresa alikuwapo, akiandaa vijiko vyake. Alimsalimu kwa adabu, akampa kiti, akamweleza habari ya vitamini.

"Vita gani tena?" bibi aliuliza. "Si juzi tu vimekwisha?"

"Si vita, bibi. Vitamini. Ni dawa iliyomo ndani ya chakula."

"Nipe hicho kijiko."

Alikimeza bila kukunja uso. Sisi watoto tulikuwa tumejazana dirishani, tukingoja atapike. Badala yake alitazama mbali.

"Baba yangu alikuwa mvuvi," alisema. "Akipata papa, ini tulilichoma tukala. Kutwa tulikuwa ufuoni. Kwetu hakukuwa na mtoto mwenye matege hata mmoja." Aligeuka, akaitazama miguu yangu kama aliyekuwa hajaiona siku zote. "Basi ni mimi. Ni mimi niliyemfungia."

Mwalimu aliinamisha kichwa. Nilitaka kumwambia kwamba hainiumi, jambo ambalo halikuwa kweli, lakini dresa alitangulia.

"Ulimfungia akaishi, bibi. Sasa mfungulie."

Alijifuta macho kwa ncha ya buibui, akaomba aonjeshwe na maziwa. Hayo aliyatema.

"Haya nani aliyeyavuruga? Unga huu ni mzuri, mpishi ndiye hamna. Kwanza unauponda kwa maji kidogo ya vuguvugu mpaka uwe kama rojo. Kisha ndiyo unaongeza maji moto, polepole, mkono usisimame."

"Basi tuoneshe, bibi," mwalimu alisema.

Alituonesha siku ile, na siku iliyofuata, na kila asubuhi ya skuli mwaka ule mzima. Alikuja na sufuria yake na iliki zake mbili tatu. Nyuma ya choo hakukumwagwa tena kitu. Aliyetaka kuongezwa alimwamkia kwanza, na shikamoo isiyosikika vizuri ilirudishwa mwisho wa mstari.

Nyumbani nilipewa kazi ya kuanika nazi za mbata uwanjani na kufukuza kunguru, mikono na miguu wazi. Wiki ya kwanza bibi alisimama mlangoni, kila mara akitaka kuniita ndani, na kila mara akijizuia. Samaki alirudi sahanini. Nilikunywa mafuta yale huku nimeziba pua, nikafuatisha kwa maziwa.

Miguu haikunyooka kwa siku moja. Ilichukua zaidi ya mwaka, na mpaka leo haijanyooka sawasawa. Lakini maumivu ya usiku yalikoma, na siku ya michezo ya skuli niliingia mbio za wasichana bila kuambiwa na mtu. Tulikuwa kumi na mmoja, nikawa wa nane. Nyuma yangu walikuwako watatu, na majina yao nayakumbuka mpaka leo.

Bibi alikuwa amekaa mbele kabisa. Nilimkimbilia nikihema, nikingoja sifa zangu. Alinipangusa jasho, akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akatabasamu.

"Alhamdulillahi," alisema. "Basi kuanzia kesho utakwenda kisimani wewe."