Vikao sita na mtoto asiyesikia

Saa moja na robo asubuhi kengele bado haijalia, na mshauri wa wanafunzi ameshaanza kugombana na kabati. Mlango wa kabati la muuguzi wa shule umekwama. Anausukuma kwa goti, unaachia, anachomoa jalada la kijani na kulibana kwapani. Anavuka korido hadi ofisi ya walimu, anachukua la pili. La tatu liko ofisini kwake. La nne limo ofisi ya nidhamu, na hilo hapewi.

"Hatua thelathini na mbili," anasema, akihema kidogo. "Kutoka kabati la kwanza hadi la mwisho, nimezihesabu mwenyewe. Mtoto ameteseka miezi kumi na moja kwa sababu hatukuweza kutembea hatua thelathini na mbili."

Majalada yote manne ni ya mwanafunzi mmoja, msichana wa miaka kumi na miwili aliye darasa la sita. Ijumaa hii bodi ya shule inakaa kuamua kama afukuzwe. Kosa lake limeandikwa kwa maneno mawili: ukaidi uliokithiri.

Mtoto huyo hasikii.

Mshauri ana umri wa miaka arobaini na mitatu. Alifundisha hisabati miaka kumi na minne kabla ya kusomea ushauri nasaha, na sasa yuko peke yake kwa wanafunzi 1,160. Ofisi yake ni nusu ya stoo ya viti vibovu, na watoto wanamwita Mama Viti. Ukuta unaomtenga na mzee wa stoo ni safu ya makabati tu, kwa hiyo wawili hao wana mapatano: mzee akiingia upande wake, anakohoa.

"Kuna siku mtoto ananililia hapa, mara mzee anakohoa, nami namwambia, 'Tumekusikia, baba.' Mtoto anacheka na machozi yake usoni," anasimulia. "Eti hapa ndipo pa kutunzia siri."

Msichana huyu aliletwa kwake mwaka jana na karatasi ya mwalimu wa nidhamu: haitiki akiitwa, hasimami akiambiwa asimame, anadharau walimu. Mshauri alimpangia vikao sita, kama taratibu zinavyotaka. Katika kila kikao kuna fomu ya kujaza, na fomu ni ndefu. Basi alikuwa akiuliza huku ameinama, anaandika.

"Nilimuuliza, 'Unajua umekosea?' Akaitikia kwa kichwa. Nikamuuliza, 'Utarudia tena?' Akaitikia vilevile. Mtu mwenye akili angeshtuka hapo hapo. Unajua mimi niliandika nini?"

Anafungua jalada lake na kulisoma kwa sauti kavu: "Ana ujeuri uliofichika."

Msomaji anayetaka kukasirika asubiri kidogo, bado hatujafika penyewe.

Katika kikao cha sita, mzee wa stoo aliangusha sanduku la chuma nyuma ya makabati. Mshauri aliruka kitini. Mtoto aliendelea kufunga kamba ya kiatu. Mshauri akainuka taratibu, akapita nyuma yake, akapiga makofi. Akamwita jina mara tatu. Msichana alimalizana na kamba, akakaa vizuri na kukitazama kiti kilichokuwa kitupu mbele yake.

"Nilikaa chini sakafuni," mshauri anasema. "Vikao sita. Nilikuwa nashauri ukuta, na ukuta ukinikubalia kwa adabu."

Siku hiyo hiyo alikwenda kwa muuguzi wa shule. Katika jalada la kijani alikuta mistari mitatu, ya miezi mitatu tofauti: usaha masikioni, apelekwe hospitali. Kila mara muuguzi aliweka barua kwenye trei ya mwalimu mkuu, na kwenye trei hiyo barua huingia zikakaa. Kwa mwalimu wa darasa hakwenda.

"Nilifundishwa kwamba habari za mgonjwa hazisambazwi," muuguzi anasema, na macho yake hayatulii. "Niliona nafanya sawasawa."

Mwalimu wa darasa naye aliona anafanya sawasawa. Aligundua kwamba msichana anachungulia daftari la jirani kila somo. Hakujiuliza kwa nini. Alimhamishia dawati la mwisho, nyuma kabisa, mbali na sauti yake na mbali na midomo yake.

Mwalimu wa nidhamu alimpa adhabu nne na kumsimamisha shule mara mbili. Watu wanne wenye vyeti na mihuri, kila mmoja ameshika kipande chake cha ukweli na kukifungia kabatini, na kila mmoja akaitwa mchapakazi. Inatia kichefuchefu, na hakuna neno la upole la kulisemea jambo hili.

Anayemlea mtoto ni shangazi yake, fundi cherehani. Anaongea huku sindano zikiwa katikati ya midomo.

"Waliniita mara tano," anasema. "Kila aliyeniita alikuwa na lake. Huyu mtoto wako mvivu, mwingine mtoto wako anaiba majibu, mwingine eti masikio yana uchafu. Hata siku moja hawakukaa pamoja wakaniambia kitu kimoja. Mimi nimshike nani?"

Anatoa sindano mdomoni, anazichomeka kwenye kitambaa.

"Na mimi pia nilaumiwe. Hapa kuna cherehani tatu zinanguruma kutwa. Sote tunaongea kwa kupiga kelele, tena tukitazamana. Nyumbani alikuwa anaitika. Ningejuaje?"

Hospitali ilisema sikio la kushoto limekwisha. La kulia linaweza kusaidiwa na kifaa, na afisa ustawi wa jamii ameshampatia nafasi. Lakini kifaa hicho hutolewa kwa mtoto aliye kwenye orodha ya shule. Akifukuzwa Ijumaa, na kwenye orodha hiyo anafutwa.

Ndiyo maana leo Jumatano mshauri ametandaza majalada kwenye meza moja. Amekuwa akiitisha kikao hiki kila wiki tangu muhula uanze: mwalimu wa darasa, muuguzi, afisa ustawi na yeye, daftari moja, mtoto mmoja baada ya mwingine. Mwalimu mkuu amekwishaandika kwamba mwisho wa mwezi kikome, kwa sababu kinakula vipindi na kila mtu anapaswa kubaki kwenye idara yake.

Mezani kuna ripoti ya kurasa mbili ya kuieleza bodi kwamba mtoto hasikii, inayosubiri saini tano. Nne zipo. Mwalimu wa nidhamu, aliyekuja kwa mara ya kwanza, amekunja mikono.

"Nikitia saini hapa, mama, nimekiri nilimwadhibu mtoto asiyesikia," anasema. "Bodi itanila mzima mzima."

"Ulimwadhibu, mwalimu."

"Sikujua!"

"Hata mimi sikujua. Sikiliza nilivyokuwa sijui."

Mshauri anawasomea taarifa zake zote sita, kuanzia ya kwanza. Mtoto amekiri. Mtoto anajuta. Mtoto ana ujeuri uliofichika. Anasoma bila kuruka neno, na jina lake na saini yake mwishoni mwa kila moja. Akifika ya nne anakunywa maji, anaendelea. Afisa ustawi anatazama kofia yake ya pikipiki. Muuguzi analia waziwazi.

Mwalimu wa nidhamu anainuka na kutoka. Mwalimu wa darasa anasonya. Wote wanadhani ndiyo basi.

Baada ya dakika chache anarudi na jalada jeusi la adhabu, lile la nne lisilotoka ofisini kwake. Analiweka juu ya majalada mengine, anavuta ripoti, anatia saini kwa nguvu mpaka karatasi inatoboka.

"Kila adhabu imo, na tarehe zake," anasema. "Wakisoma, wasome na hili."

Mshauri hamshukuru. Anasema wazi kwamba hana shukrani ya kumpa mtu yeyote katika chumba kile, yeye mwenyewe akiwemo. Anakusanya makaratasi, anayagonga mezani yalingane.

Wenzake wanadhani Ijumaa atakwenda kuomba mtoto asamehewe. Wakimwambia hivyo anawaka.

"Asamehewe nini? Hakukosa," anasema. "Nitawataka waidhinishe barua ya kumwomba radhi, na sisi tuliokosa tutie saini chini. Nasi tutaiandika kwa mwandiko safi, maana huyu mtoto anasoma vizuri kuliko darasa zima. Hakuna aliyewahi kumwandikia chochote ila karatasi za adhabu."