Sumaku Chini ya Mafiga

Kwa miaka minne nilitafiti sumaku. Kazi yenyewe haina makeke: nilichekecha mchanga mweusi wa mtoni, nikauchanganya na unga wa dawa, nikashindilia vidonge vinene kama kopo la maziwa, nikavichoma tanurini. Mashine ya kuvitia nguvu ya kuvuta niliipata Kampala tu. Nilirudi na vidonge sita, ili nionyeshe mbele ya jury, jopo la walimu wa chuo Butembo, kwamba vinafaa kwa jenereta ndogo ya mtoni. Bila hivyo sikuwa na shahada.

Nilipita Oicha kumsalimia mama. Barabarani wanajeshi walikuwa wakifungua kila mfuko, na kumweleza askari jiwe linalong'ang'ania bunduki yake si kazi rahisi. Nikaviacha kwa mama, nikashuka Butembo mikono mitupu.

Kisha habari mbaya za waasi zikafika Oicha na mtaa mzima wa mama ukahama. Mama alibaki siku tatu nyuma ya wenzake, ndipo akaja kwangu na kitenge alichovaa tu. Sikumuuliza kwa nini alichelewa. Siku zile tatu nilikuwa nimechoka kuuliza habari zake kwa kila mkimbizi.

Kulipotulia tulirudi pamoja. Mlango ulikuwa umelala chini. Cherehani yake, iliyonisomesha, haikuwepo. Mama alipita pale bila kugeuza shingo, akaenda jikoni, akasukuma mafiga, akaanza kuchimba.

«Nilizika bitu byako hapa,» alisema. «Nikawasha moto mukubwa juu yake siku tatu, ili basione kama udongo imechimbwa. Mashini ya kushona haikuingia mu tundu.»

Kwetu kitu cha thamani hufichwa hivyo, kwa sababu mwizi hachimbi penye moto. Na sumaku ikipata moto mkali hupoteza nguvu. Nililijua hilo tangu mwaka wa kwanza wa chuo, na siku ile ya kumwachia sikulisema. Nilifikiri angeviweka chini ya kitanda.

Vilitoka vyote sita, havina hata ufa. Nilipaswa kulia. Nilisikia njaa tu.

«Bingali binavuta?» mama akauliza.

Niling'oa msumari kwenye mlango, nikaubandika kwenye kidonge, nikauzuia kwa kidole upande wa chini usianguke.

Mama akatazama.

«Toa kidole, papa,» akasema, akiniita baba kama alivyozoea.

Nikatoa. Msumari ukaangukia majivu. Ndipo mama akageuka, akatazama mahali pa cherehani.