Gauni Nililomshonea Wangechi

Iko siku moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka hutazama chini, hata nikiwa peke yangu chumbani na hakuna wa kuniona. Nimehama miji mingi tangu wakati huo. Nimeshona Karatina, nimeshona Nanyuki kule upepo wa mlima unakopeperusha vitambaa mezani, nimefika Meru na Isiolo, na kila mahali nilipofungua cherehani niliikuta siku hiyo imenitangulia. Mwanangu, unaniuliza njia ya kuingia katika ubunifu wa mavazi. Unanitumia picha za kazi zako kwenye simu, na ni nzuri, sikatai. Basi nitakueleza mimi niliingiaje. Ukishasikia, utaamua mwenyewe kama ule ni mlango wa kuupitia.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne bila alama za kunipeleka popote. Nilipanga chumba Majengo, hapa Nyeri, karibu na msikiti, na mwenye duka la vitambaa akaniruhusu kuweka cherehani barazani kwake. Kazi zangu zilikuwa kubadilisha zipu za suruali na kushusha mapindo ya sare za shule. Usiniulize kama nilishukuru. Nilikuwa na majarida ya mitindo niliyookota katika rundo la mitumba, na kila jioni niliyapekua nikijiambia kwamba mikono hii ilikosea tu mahali pa kuzaliwa. Siku moja mwenye duka akanijulisha kwa mama mmoja wa Nairobi aliyekuwa akiandaa maonyesho ya mavazi. Yule mama aligeuza mishono yangu ndani nje, akasema, "Mkono unao. Niletee picha za nguo moja ya maana, uliyoibuni mwenyewe, ikiwa imevaliwa. Hapo tutaongea."

Nguo ya maana! Nani angempa fundi wa mapindo kitambaa cha maana?

Wangechi alinipa. Tulikaa dawati moja shuleni. Alikuwa msichana mwenye mwili mkubwa, na wenzetu walimwita Tingatinga. Akipita, wengine walitoa mlio wa injini. Alikuwa akicheka pamoja nao, kisha anaenda kulia chooni, na mimi ndiye niliyekuwa nikisimama mlangoni ili asiingie mtu. Nakueleza haya ujue kwamba sikuwa mgeni wa uchungu wake.

Wakati huo alikuwa amechumbiwa na kijana wa kutoka upande wa Nanyuki, jina lake Kariuki, na ruracio, ile sherehe ya mahari, ingefanyika kwao Wamagana. Mjini kulikuwa na mafundi wakubwa wenye vibao mlangoni. Wangechi aliwapita wote akaja barazani kwangu na kitambaa cha kijani chini ya kwapa.

"Nataka unishonee wewe," alisema. "Kama lazima uanze na mtu, anza na mimi."

Nilimpima. Nilipofika kiunoni alinong'ona, "Usitaje kwa sauti, tafadhali. Kuna watu dukani." Nikaandika bila kutaja.

Sasa sikiliza vizuri, mwanangu, maana hapa ndipo penye kosa, si kule kwenye sherehe. Mchoro wa gauni nilikuwa nao tayari, na nilikuwa nimeuchora juu ya mwili wa wale wanawake wa majarida. Nilipouweka juu ya vipimo vya Wangechi haukukaa. Mikunjo ilifunguka, mstari wa ubavuni ukapotea. Fundi mwenye akili angetupa mchoro. Mimi nilipunguza vipimo. Tena kila fundi, hata wa kushona gunia, huacha kitambaa kidogo ndani ya mshono ili nguo iweze kufunguliwa mwenye nguo akinenepa. Hicho nacho nilikikata mpaka karibu na uzi, kwa sababu mshono mnene huonekana kwenye picha.

Alipokuja kujaribu nilimwambia bado. Alipokuja tena nilimwambia nataka kumshangaza siku yenyewe.

"Lakini litanitosha?"

"Mpaka siku hiyo utakuwa umepungua."

"Mimi? Na hii chai ya maziwa ya kwetu?" Akacheka mpaka akashika cherehani. Alidhani ni mzaha.

Siku ya ruracio ilifika. Wazee walikuwa ndani wakizungumza mambo yao, wageni wa Nanyuki wamejaa hemani, na sisi wanawake tumejifungia chumba cha kulala na gauni lile. Lilikuwa zuri. Hata leo nasema lilikuwa zuri. Lilipita mabega, likapita kifua kwa shida, likakataa kiunoni.

"Vuta tumbo," akasema shangazi yake, akiwa ameshika zipu kwa mikono miwili.

"Tata, nimevuta lote. Hakuna lingine."

Zipu ikapasuka meno. Shangazi akaniuliza, "Fungua mshono basi, si kuna kitambaa ndani?" Nikamwambia hakuna. Alinitazama kama mtu aliyesikia lugha ngeni.

Ningepiga magoti wakati ule. Ningeomba msamaha. Lakini unajua macho yangu yalikwenda wapi? Kwa Muthoni, binamu yake Wangechi, msichana mwembamba kama wale wa majarida. Nikasema, na haya ni maneno yangu mwenyewe, "Muthoni alivae, lisipotee bure. Nitabadilisha zipu sasa hivi. Kwani si mtafunikwa nyote?"

Wangechi akalitoa lile gauni taratibu, akasema, "Haya. Avae." Akachukua gauni lake la kwenda kanisani, lile la kila Jumapili, akalivaa akiwa ameelekea ukutani.

Unaijua ile desturi yetu. Bibi arusi na wasichana wenzake hufunikwa leso kuanzia kichwani mpaka chini, wanatembea wameinama mbele ya wageni, na bwana arusi lazima amchague wake. Akikosea, anatozwa faini na kuchekwa. Walipotoka nje, kina mama wa kwao Wangechi wakaanza kumchokoza Kariuki.

"Kijana, fungua macho, hapa hatuuzi mitumba!"

"Ati anainama kuona viatu! Mwambieni viatu tumebadilisha!"

Kariuki hakuhangaika. Alipita msichana wa kwanza, akapita wa pili, akasimama mbele ya Wangechi, akainua leso. Vigelegele vikaanza. Papo hapo wasichana wengine wakajifunua, na Muthoni akatokea katika kijani kile, shanga nilizolishonea shingoni zinameta, kama kwamba jua lilikuwa limemngoja yeye. Shangazi zake Kariuki walikuwa hawajawahi kumwona Wangechi. Walimtazama yule aliyevaa nguo ya kanisani, wakamtazama Muthoni, vigelegele vikakatika.

"Amekosea!" mmoja akapaza sauti, akicheka kwa furaha kabisa, bila ubaya wowote. "Amekosea huyu! Bibi arusi si ni yule! Lipa mbuzi, Kariuki!"

Hema zima likacheka. Wengine wakapiga makofi. Wangechi akasimama pale, leso ikiwa begani, akicheka pamoja nao kile kicheko nilichokijua tangu shuleni. Kisha macho yake yakaanza kutafuta mtu. Yalikuwa yananitafuta mimi. Yakaniona, mwanangu. Nilikuwa nimepiga goti moja kwenye nyasi na kamera ya kuazima, nampiga picha Muthoni.

"Sijakosea," Kariuki alisema. Hakupaza sauti, lakini hata waliokuwa nyuma walisikia. "Huyu ndiye Wangechi wangu." Akamshika mkono.

Baadaye nyanya yake Wangechi aliniita nyuma ya jiko. Alinipa kikombe cha chai kwanza, akangoja nikishike.

"Hiyo nguo ulishonea nani?"

"Wangechi, cucu."

"Usinidanganye na chai yangu mkononi. Ulishonea nani?"

Nikainamia kikombe.

"Ulishonea watu wa Nairobi," akasema. "Mtoto wangu alikuwa tu wa kuleta kitambaa. Yeye alikuonyesha mwili wake, vile hata mimi hanionyeshi. Kazi yako ni kuvika watu, na leo umemvua mbele ya wakwe. Maliza chai uende. Sina lingine."

Niliondoka kwa njia ya shambani, katikati ya migomba, ili nisipite hemani.

Na sasa nikuambie lile linalonitia aibu kuliko yote. Picha zilipendwa. Yule mama wa Nairobi aliniita, Muthoni akanirudishia gauni, likatembezwa mbele ya watu, na ndivyo nilivyoingia katika kazi hii unayoitamani. Natamani ningekuambia kwamba niliadhibiwa. Niliposhangiliwa nilisimama nikainama kama wengine, na kila nilipoinama nilisikia mtu akisema amekosea. Nadhani ndiyo maana sikukaa mji wowote kwa muda mrefu. Watu wakianza kunisifu, nafunga mizigo.

Miaka mingi ilipita kabla sijapata moyo wa kurudi Wamagana. Wangechi, ambaye yeye na Kariuki walikuwa wamejenga huko huko, alinipokea vizuri. Alinikumbatia, akachinja kuku, tukataja walimu wetu na kucheka. Nikamwomba msamaha, akasema, "Hayo niliyaacha zamani, Nyawira." Niliamini, na bado naamini. Nilikuwa nimembebea kitambaa kizuri, nikakitandaza kwenye kochi na kutoa tepu mkobani.

"Hapana," alisema kwa upole. "Weka. Niko na fundi wangu hapa chini karibu na kituo. Kitambaa nitachukua, asante sana, atanishonea."

Alinimiminia chai nyingine. Tuliongea mpaka jua likashuka nyuma ya vilima, na hakuna hata neno moja baya lililopita kati yetu. Lakini nilielewa. Amenirudishia urafiki. Mwili wake hatanikabidhi tena.

Kwa hiyo, mwanangu, shauri langu ni hili. Anayekupa kazi ya kwanza, kabla hujawa na jina, amekupa kitu kikubwa kuliko maonyesho yote ya Nairobi. Mshonee yeye, usiwashonee watakaoona picha. Mchoro wako ukikataa mwili wake, chora upya, hata kama uliupenda. Mwite ajaribu nguo mapema, na usiogope kuambiwa inabana. Acha kitambaa ndani ya mshono. Na ukiharibu, maana utaharibu, simama na yule uliyemharibia, kamera iwe chini. Jina litakuja au halitakuja. Mimi lilinijia, na nimekueleza jinsi ninavyoishi nalo.

Mungu aishike mikono yako na ayashike macho yako zaidi ya mikono. Akupe wateja wa kukuamini, na akupe woga wa kuwavunja. Kila atakayetoka kwako akiwa amevaa kazi yako na asimame mbele ya wakwe, mbele ya kanisa, mbele ya mtu yeyote, bila kutafuta pa kujificha. Nenda ukashone, mwanangu. Nenda na baraka zangu.