Sakafu Iliyokanyagwa na Ng'ombe

Serikali ilipofungua biashara ya pamba, na wanunuzi binafsi wakaanza kulala Bariadi, baba aliingiwa na wazo lililomnyima mama usingizi: kujenga bwawa la kuogelea la kulipia, tena lenye paa. Aliuza ng'ombe wake wote. Wote! Kwa Msukuma, hiyo ni kama kujivua nguo sokoni.

Lakini lilikuwa zuri, lazima niseme. Paa lilipinda juu ya mabomba ya chuma bila nguzo hata moja katikati, na mabati yake ya plastiki yalipitisha mwanga wa jua. Saruji baba aliikataa, maana udongo wetu mweusi huvimba masika, hupasuka kiangazi, na kila sakafu hupasuka nao. Alitandika plastiki nene ya bluu, ambayo fundi kutoka Mwanza aliiunga vipande kwa hewa ya moto. Chini yake udongo ulishindiliwa kama tunavyoshindilia lambo la kunyweshea mifugo: ng'ombe wa babu walizungushwa shimoni kutwa nzima, wakimwagiwa maji, wakinywa humo humo. Hapo ndipo baba alipokosea. Ng'ombe akishakunywa mahali, amepajua.

Siku moja kabla ya wageni wa kwanza kufika, lori la maji lilimaliza kumwaga. Kiangazi kilikuwa kikali. Mara kundi zima la babu likaja mbio, babu mwenyewe nyuma akihema. Mimi na baba tulisimama mlangoni na fimbo, tukawarudisha wote isipokuwa jike mmoja mwenye mimba, aliyepenya ubavuni mwangu. Alishukia upande wa kina kifupi, akateleza kwenye plastiki, akaenda mzima mzima hadi kwenye kina kirefu.

Kila alipojaribu kupanda, kwato ziliteleza. Alizama, akaibuka akikoroma, pua tu juu ya maji. Tulimvuta kwa kamba hadi viganja vikachubuka. Wapi! Nilitamani kumfokea babu, ambaye alisimama tu ukingoni.

"Hiyo plastiki," alisema, "haina pa kukanyaga."

Baba akanigeukia. "Lete panga."

"Baba, usikate!"

"Lete panga, nimesema."

Aliingia majini na suruali yake. Alikata plastiki kuanzia ukingoni kushuka chini, akaifunua kwa mikono miwili. Jike akaufikia udongo. Kwato zikazama, zikashika. Akapanda taratibu, akasimama mbele yetu akitweta.

Fundi alishaondoka na mashine yake. Plastiki nyingine ilikuwa Nairobi, na sisi hatukuwa na kitu cha kuuza tena. Baba alibaki amesimama, maji kiunoni, panga mkononi. Nje ng'ombe walikuwa wakilia kwa kiu.

Babu alikohoa. "Ng'wana wane," alimwambia mwanawe kwa upole, "na hawa wengine?"

Baba aliweka panga ukingoni. Kisha akasogea pembeni, akamjibu babu.

"Waache wanywe, baba."