Televisheni ya Chumba cha Mama Kanyere

Kahindo hakuwa mtu wa kutazama habari. Kazi yake mjini Bunia ilikuwa kufunga antene na televisheni, na alipotaka kujua kama picha inaingia vizuri aliweka mpira, muziki, au katuni za watoto. Habari zikitokea, kidole chake kilikuwa kimeshabonyeza. Alikuwa amekimbia kwao, upande wa Beni, akapanga chumba mtaa wa Mbunya, na mambo aliyoyaona njiani yalimtosha.

Ufundi alifundishwa na mume wake, marehemu Gaspard. Mwanzo alikuwa anamshikia ngazi tu, halafu akawa anapanda mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mwepesi. Gaspard alipokufa kwa homa, Kahindo alichukua mfuko wa koleo na bisibisi akaendelea. Miaka ya kwanza wenye nyumba walimfungulia mlango na kuuliza fundi yuko wapi. Sasa hawaulizi tena.

Ni kwa sifa hiyo Léon alimpata. Léon alikuwa mfanyabiashara wa mabati, naye pia alitoka upande wa Beni na familia yake, akajenga mtaa wa Bigo. Alikuwa ameleta kutoka ng'ambo mashine ya kurekodi televisheni: sanduku moja kubwa la kuweka sebuleni, pamoja na visanduku vidogo vya kuweka vyumbani. Kinachotunzwa ndani ya kubwa, vidogo vinakichukua kwa kupitia kamba ile ile ya antene.

"Mama yangu miguu yake ilikufa tangu tulipokimbia," alimweleza Kahindo. "Anashinda mule chumba ya nyuma, anaangalia ukuta. Nataka naye aone misa, aone batu wanaimba."

"Itawezekana, papa Léon. Lakini ujue, yote unatunza hapa salon, kule kwake itaonekana."

"Njo vile nataka," Léon alijibu, macho yakiwa kwenye simu yake.

Kazi haikukubali upesi. Kahindo alitambaa juu ya dari, kwenye joto la mabati, akavuta kamba mpaka chumba cha nyuma, akafunga kisanduku. Televisheni ikawaka, lakini kisanduku kilibaki kikizungusha alama yake, kikiitafuta mashine kubwa bila kuiona. Alikata ncha ya kamba upya, maana uzi mmoja mwembamba wa nje ulikuwa unagusa shaba ya katikati. Bado. Mwishowe alifuata kamba za zamani mpaka kwenye kile kichuma kinachozigawa, akaelewa: kilikuwa cha namna ya zamani, kinashusha picha kutoka juu tu, hakiachi visanduku viongee vyenyewe kwa vyenyewe. Itabidi kibadilishwe.

Wakati wote huo Mama Kanyere alikuwa kitandani, anamfuata kwa macho. Aliposikia Kahindo anatoka upande wao, uso wake ulifunguka. Alimuuliza juu ya mashamba, juu ya kahawa, juu ya fulani na fulani. Halafu akafika kwa mtoto wake wa mwisho.

"Xavier iko Kampala. Bananiambia simu yake iliibiwa. Lakini mutoto ule, hata akiwa na njaa, anatafutaka simu ya batu anisalimie. Weye unaona namna gani?"

"Labda rezo ya simu ni mubaya, mama."

Arlette, mke wa Léon, alikuwa amesimama mlangoni. "Dada Kahindo, kuya unywe chai," alisema haraka.

Jikoni hakumimina chai. "Usimuongeleshe juu ya Xavier."

"Juu ya nini?"

"Xavier haiko tena. Alikuwa amerudi kule kwetu, akafa na wengine, siku waasi waliingia mu kijiji. Monganga wa hospitali alisema moyo ya mama ni zaifu. Tunangojea apate nguvu." Arlette alijipangusa macho kwa ncha ya kitenge. "Tunangojea, na siku zinaenda."

Kahindo alirudi siku iliyofuata na kichuma kipya, roho yake nzito. Alikifunga, akaziba mdomo uliobaki bila kamba, akawasha. Safari hii kisanduku kiliiona mashine kubwa mara moja. Mama Kanyere alipiga makofi alipoona misa ya Jumapili, ile ile iliyokuwa imerekodiwa sebuleni. Aliomba telekomande, naye Kahindo akampa, akamwonyesha kifungo cha kwenda chini na kifungo cha kufungua.

Mama mzee alibonyeza, akashuka, akafungua. Hakujua amefungua nini. Watu walionekana wamesimama kwenye udongo mwekundu, wanaimba, na mbele yao masanduku ya mbao. Mkono wa Kahindo ulinyanyuka wenyewe kubadilisha, lakini telekomande ilikuwa mkononi mwa mzee. Mwandishi wa habari alianza kutaja majina ya marehemu.

"Irudishe," Mama Kanyere akasema.

"Mama, tutafute misa."

"Irudishe, mutoto yangu. Nimesikia jina."

Kahindo alitazama ukuta, pale kamba ilipoingia kwenye kisanduku. Angeizungusha kidogo tu, ingetoka, picha ingekufa, na angeweza kusema mashine imeharibika. Alifikiri hivyo. Kisha akaona jinsi mzee alivyokuwa amemkazia macho, si kwa kuomba bali kwa kungoja, kama mtu ambaye kwa muda mrefu amekuwa na neno moyoni na anataka tu mwingine alitamke. Akachukua telekomande, akairudisha.

Jina lilitajwa tena. Vahwere Xavier. Kamera ilipita polepole juu ya misalaba.

Mama Kanyere hakupiga kelele. Aliuliza, "Weye ulijua?"

"Jana, mama. Jikoni."

"Na bote ya hii nyumba?"

Kahindo aliweka telekomande juu ya kitanda. Hapo ndipo sauti ya mzee ilipotoka, ndefu, ikavuka ukuta wa uwanja wa nyumba na kuwafikia majirani.

Arlette alikuja mbio. Alipoona televisheni alielewa. "Weye njo uliweka ile kamba!" alimgeukia Kahindo. "Nilikuambia, na bado umemuonyesha!" Léon alifika kutoka dukani bado ana vumbi la mabati mikononi, akasimama bila kuweza kuingia. Barabara ilikuwa imefungwa siku za mazishi, hakuweza kwenda kumzika mdogo wake. Habari ile ndiyo pekee iliyomwonyesha kaburi, kwa hiyo aliirekodi, akawa anaitazama peke yake wengine wakiwa sokoni au kanisani. Hakukumbuka kwamba kamba ingeichukua mpaka chumbani mwa mama.

"Musimuguse huyu mwanamuke," Mama Kanyere alisema. "Léon, mutoto yangu iko chini ya udongo, na miye naomba Mungu kila asubuhi amupatie simu? Mulikuwa munanisikia naomba, munanyamaza?"

Léon alipiga magoti kando ya kitanda. "Niliogopa, mama. Niliogopa nitawazika wawili."

Jioni ile kilio kilifunguliwa. Majirani walileta viti, watu wa kwao wakaja kutoka kila pembe ya mji, mzee akabebwa mpaka uwanjani. Kahindo alibaki, akachota maji na kusonga ugali pamoja na wanawake wengine. Arlette hakumtazama.

Baada ya matanga Léon alimwita akate kamba ya chumba cha nyuma na kuifuta ile habari. Kahindo alisema lazima mama mwenyewe akubali. Mama Kanyere alikataa. Ibaki, alisema, mpaka siku watakayomfikisha pale mtoto wake alipolala. Barabara bado haijawa salama. Anakula kidogo, amekonda sana, na Kahindo akipita kumsalimia hajui kama amemsaidia au amemvunja. Hujiuliza hasa akiwa peke yake juu ya dari za watu. Arlette akikutana naye sokoni hupita kama hakumwona.

Siku hizi, kabla ya kuunganisha vyumba, Kahindo anamuuliza mwenye nyumba ametunza nini ndani ya mashine. Wengi wanacheka, wanadhani ni udadisi wa mwanamke. Wengine wanamwomba awaachie telekomande, atoke nje kwanza, wafunge mlango.