Hatua ya Arobaini na Saba

Jina la Chapchap baba alipewa uwanjani, si kazini. Kazini alikuwa mwashi, na wateja wake walimngoja mpaka wakachoka, maana hakupandisha mstari wa pili wa matofali kabla ya kuupima wa kwanza mara tatu. Lakini ukimpa mita mia na mlio wa bastola, ungepepesa macho ukakuta amekwisha fika.

Mbio alijifundisha mwenyewe, jioni baada ya kazi, kwenye barabara ya vumbi iliyopita nyuma ya tanuri la matofali. Hakuwa na kocha wala saa. Alihesabu hatua zake kama alivyohesabu matofali, na mita mia kwake zilikuwa hatua arobaini na saba, ashibe asishibe. Kabla ya kila shindano alichimba vishimo vya kuanzia kwa mwiko wake wa kazini, na wenzake wakamcheka kwamba amekuja kujenga. Wakishamaliza kucheka walibaki kuutazama mgongo wake.

Mwaka wa hamsini na sita, mimi sijazaliwa, chama cha riadha kilitangaza kwamba atakayekimbia mita mia kwa sekunde kumi na nukta sita atapandishwa ndege kwenda kwenye michezo ng'ambo. Baba hakuwahi kutaka kitu kama alivyotaka safari ile. Mama anasema alikuwa akiota mchana kweupe, kijiko kimening'inia hewani, uji unapoa.

Siku ya mchujo uwanja ulifurika. Baba alikata utepe peke yake, na saa zote tatu za waamuzi zikasoma kumi na nukta tano. Walimbeba juu juu mpaka nyumbani. Mama akaanza kuazima sanduku.

Baba alikuwa amekaa kitandani, hajavua hata fulana.

"Arobaini na sita," akasema.

"Nini tena?"

"Hatua. Nimehesabu arobaini na sita."

"Basi umerefusha miguu! Mume wangu, usinitie wazimu leo."

Kesho yake asubuhi alimburuta mama mpaka uwanjani na futi yake ya kamba, ile ndefu ya mita thelathini. Mama alishika ncha moja, baba akaenda na nyingine, wakapima kipande kwa kipande. Kwenye kipande cha mwisho mama, mwenyewe anakiri bila haya, alianza kurudi nyuma kidogo kidogo.

"Mke wangu," baba akasema bila kugeuka, "rudi kwenye alama."

Mita tisini na nane. Mtunza uwanja alikuwa ameusogeza mstari wa mwisho ili uangukie mbele ya jukwaa la wageni, waone vizuri.

Hapo ndipo ninapomkasirikia baba mpaka leo. Nani angejua? Nani angeumia? Mama alimuuliza hayo hayo, akilia. Baba akamjibu, "Huko ng'ambo watanipimia mia nzima. Na mimi nimeshajua." Akaenda moja kwa moja kwa katibu wa chama. Katibu, mtu mwema, alimsihi anyamaze. Alipoona hanyamazi, akampa nafasi moja ya kurudia.

Jumatatu jioni hapakuwa na shangwe wala wageni. Palikuwa na katibu, waamuzi watatu na mama. Baba aliupima mstari mwenyewe, akachimba vishimo vyake, akakimbia peke yake, bila mtu wa kumfukuza. Saa zote tatu zikasoma kumi na nukta saba.

"Pole sana, Chapchap," katibu akasema.

Baba alikuwa ameinama, anahema, anacheka. "Hiyo ndiyo mbio yangu bora kuliko zote," akasema. Na ilikuwa kweli.

Timu iliondoka bila mkimbiaji wa mita mia. Jumanne baba alikuwa kazini. Aliendelea kujenga mpaka magoti yakamkatalia, na sijasikia ukuta wake uliopasuka. Sisi watoto tulikua tukisimuliwa kile kicheko chake pale uwanjani, na mimi nilijivunia baba asiyeyumbishwa na kitu.

Alipokuwa mzee, siku moja nikiwa nampaka dawa ya magoti, nilimuuliza kama aliwahi kujuta. Nilijiandaa kwa mawaidha.

"Najuta sana, mwanangu," akasema. "Kila ndege ikipita."

Niliendelea kumsugua magoti. Miaka yote ile nilikuwa nikimheshimu nikidhani haikumuuma.