Kunguni na Begi la Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuja kwetu Temeke kutoka Singida kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili kwenye nyumba yenye wapangaji wengi na ua mmoja wa kufulia. Mie, mume wangu na binti yetu mdogo tulilala chumbani. Mama tukamtandikia sebuleni, kwenye kochi refu tulilolinunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Alikuja na begi moja la kitambaa, na nilipotaka kumsaidia kulifungua alinizuia kwa upole.

"Liache tu, mwanangu. Nitatoa mwenyewe nikihitaji."

Siku ya nne asubuhi, nikikunja shuka lake, nikaona vidoa vyeusi vidogo, kama vilivyoachwa na ncha ya kalamu. Karibu na mto palikuwa na tone la damu lililokauka. Nimekulia nyumba za kupanga, nilijua maana yake. Mama alikuwa uani ananawa, na alipopandisha mkono wa gauni nikaona vipele vitatu vimejipanga mstari.

Sikumuuliza kitu. Moyoni niliamua kwamba kunguni wamekuja na basi, ndani ya lile begi. Binti yetu alikuwa na vipele shingoni tangu masika, lakini hivyo nilishaviita vya joto na kumpaka poda.

Mume wangu akampeleka mama hospitali. Mie nikaomba ruhusa kazini, nikabaki. Nikachemsha maji masufuria mawili, nikalibeba begi uani, nikatoa kila kilichokuwemo. Gauni za kanisani, vitenge, sketi za ndani, sweta. Chini kabisa kulikuwa na mfuko wa nailoni uliofungwa mafundo mawili. Ndani yake nikakuta gauni jeupe la mikono mirefu, kitambaa cheupe cha kichwa, soksi mpya na rozari. Nilijua ni nini. Mama alikuwa amejiandalia nguo za kuzikwa nazo, ili siku ikifika watoto wake wasihangaike madukani. Nilisimama na lile gauni mkononi kwa muda. Kisha nikafikiria kunguni, nikalitumbukiza kwenye beseni pamoja na nguo nyingine, na kwenye maji ya moto kitenge chekundu kikachuja rangi.

"Leo mbona unafua mzigo mzima?" akauliza jirani wa chumba cha kwanza.

"Kunguni. Mgeni kaja nao."

Nilisema kwa sauti ya kutosha, maana nilitaka wapangaji wote wajue kwamba hawakutoka kwangu.

Walirudi saa tisa alasiri. Mama alikuwa na bandeji kwenye jicho moja, ameshikwa mkono na mwanawe. Akasimama kwenye mlango wa ua akitazama nguo zake kwenye kamba, mbele za watu: sketi za ndani, na lile gauni ambalo sasa lilikuwa na mabaka ya waridi. Alikwenda hadi kwenye kamba, akalianua likiwa bado bichi, akalikunja juu ya mkono wake.

"Mama, nilikuwa nazitoa wadudu," nikasema.

"Nimeelewa, mwanangu."

Jioni ile akamwomba mume wangu ampeleke Chanika, kwa wifi yangu. Alisema huko kuna hewa. Mume wangu hakunigombeza. Alipokuwa anafunga begi lililokuwa bado na unyevu, alinitazama mara moja tu, na mie nikaangalia pembeni.

Wiki mbili baadaye binti yetu aliamka na vipele vipya. Nikamwita mpiga dawa, mzee mmoja mwenye mtungi mgongoni. Hakuanza na dawa. Alilipindua kochi, akachana kitambaa cheusi cha chini, akaniita nisogee. Kwenye maungio ya mbao walikuwa wamejazana, wakubwa wa rangi ya kahawia, wadogo waliopauka, na vijiyai vyeupe vimeganda kwenye nyufa. Kila mahali palikuwa na magamba makavu. Harufu yake ilikuwa tamu kwa namna ya kutia kichefuchefu.

"Hawa si wa juzi," akasema. "Kunguni akikua anajivua gamba. Ona yalivyo mengi. Wamezaliana hapa miezi."

"Lakini mie na mume wangu hatung'atwi."

"Mnang'atwa. Kuna ngozi haivimbi. Nyie si mnakaa hapa kila siku? Kunguni haendi mbali kama mtu yupo jirani. Aliyelala hapa ndiye aliyeumia zaidi."

Alipoanza kupuliza nikatoka uani. Nikamwambia jirani wa chumba cha kwanza kwamba kunguni walikuwa wa kwetu. Alisema pole, akaendelea kuchambua mchicha.

Jumamosi nikaenda Chanika. Mama alikuwa peke yake, amekaa kibarazani, bandeji imeshatolewa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mjukuu wangu hajambo?"

"Hajambo."

Nikapiga magoti sakafuni, nikamweleza habari ya kochi na magamba. Nikasema nimekosa, naomba anisamehe.

"Niliwaona tangu siku niliyofika," akasema. "Alfajiri, kabla hamjaamka, nilikuwa nawagandisha kwenye kipande cha sabuni iliyolowa."

"Kwa nini hukutuambia, mama?"

"Ningewaambiaje? Mmenipokea, mmenipa mahali pa kulala. Nilidhani mnajua, ila mnaona aibu."

Nikamwomba nimshonee gauni jingine jeupe.

"Lile nilishona mwenyewe," akasema. "Acha kwanza."

Nikainuka, nikakaa kando yake. Tulikaa hivyo mpaka saa saba. Wifi alikuwa kazini.

"Chupa ya dawa ya jicho iko dirishani," mama akasema. "Nikijitilia mwenyewe inamwagikia shavuni."

Nikanawa mikono kwa sabuni, nikarudi na chupa. Aliegemeza kichwa ukutani. Jicho lilikuwa bado jekundu. Nikatia tone moja.

"Mawili," akasema.

Nikatia la pili. Akafumba macho, akanishika kifundo cha mkono mpaka lilipoacha kuwasha.

Alipona. Mwezi uliofuata alirudi Singida akitokea hukohuko Chanika, bila kupitia kwetu. Nampigiaga simu Jumapili baada ya misa. Huwa anapokea, na tunaongea habari za binti na za mvua.